Mwerezi na Mwangati: Jina la Kitabu na Jina la Msitu

Msomaji aliyelelewa Shinyanga au Geita hulijua neno mwerezi, walakini mti wenyewe haumei kwao. Mbao bora za nchi ile ni za mninga. Neno limemfikia kwa Biblia, ambayo Tafsiri ya Muungano ilitoka kamili mwaka 1952. Nayo sauti yake yafuata erez ya Kiebrania. Mwerezi huo ni wa Lebanoni, nao ni wa ukoo wa msonobari.

Milima ya Afrika Mashariki ina mti wake, Juniperus procera, nao ni wa ukoo mwingine, ule wa saiprasi. Usambara huitwa mwangati. Kenya huitwa mtarakwa. Wakikuyu husema mutarakwa, Wamaasai oltarakwai, Wakalenjin tarakwet. Umbo moja kupatikana katika lugha za Kibantu na zisizo za Kibantu ni ushahidi kwamba majirani waliazimana neno.

Kabla ya Vita vya 1914 Wajerumani waliikata miangati ya Shume, wakaiteremsha kwa kamba za chuma zilizoning'inia angani mpaka Mkumbara, penye reli ya Tanga. Mbao zake haziliwi upesi na mchwa wala haziozi upesi. Zilifaa kwa nguzo, vigae vya paa na kalamu za risasi. Waingereza nao waliuita mti huu kwa jina lile lile walilouita mti wa Lebanoni. Basi mfasiri afuataye Kiingereza huandika mwerezi, na msomaji hudhani kwamba Shume palikuwa na mti wa Sulemani. Hivyo jina la wenyeji hufutika katika historia ya msitu wao.

Kamusi zetu hazina budi kuyatenga majina haya: mwerezi uwe wa Maandiko, mwangati na mtarakwa iwe ya milima yetu. Tena mtunga kamusi asiridhike na vitabu. Wachimbaji wadogo wa Geita huita matimba magogo yashikiliayo kuta za duara. Gogo likioza, kuta huanguka na watu hufa. Kwa hiyo wao hawawezi kutojali ni mti gani. Wajuao uimara wa mti kwa kazi yao ndio wa kuulizwa kwanza jina lake.