Mpangaji wa Nyimbo na Mwimbaji: Orodha za Kujitungia katika Historia ya Muziki wa Ziwa Mweru

Msanii wa Nchelenge asiye na kampuni ya kumsimamia anaweza leo kutunga orodha ya nyimbo katika jukwaa la kutiririsha muziki, akauweka wimbo wake mmoja katikati ya nyimbo za magwiji wa kalindula, kisha akaisambaza orodha hiyo kwa simu hadi Kitwe na Lubumbashi. Ni rahisi kuiona mbinu hii kuwa zao la intaneti. Makala haya yanadai kwamba kupanga nyimbo nyingi ili mmoja usiojulikana usikike ni kazi yenye umri mrefu katika eneo hili. Kilichobadilika ni nani anayeshika kazi hiyo.

Wasikilizaji wa Mweru wamekuwa wa pande mbili tangu zamani. Livingstone alipofika ziwani mwaka 1867, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa misafara, katika mji wa Kazembe. Njia za misafara hiyo zilikieneza Kiswahili hadi Katanga, na kingali kikisikika ng'ambo ya ziwa, Kilwa na Pweto, ilhali Nchelenge na Kashikishi huzungumza Kibemba. Samaki wa Kashikishi huuzwa katika miji ya migodi, na nyimbo zimesafiri kwa barabara hizohizo. Wimbo wa huku haujawahi kutosheka na soko la nchi moja.

Mfano mzuri ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji uitwao sasa Likasi. "Masanga" iliwafikia wapenzi wa gitaa wa mbali, pamoja na njia nyingine, kupitia santuri ya mkusanyiko ambamo ilipangwa pamoja na kazi za wapiga gitaa wengine wa Afrika. Msikilizaji wa Ulaya aliyeinunua hakuwa akimtafuta Bosco. Alitafuta gitaa la Afrika, akamkuta Bosco humo. Hivyo ndivyo orodha inavyofanya kazi mpaka leo. Lakini aliyechagua, aliyepanga na aliyeandika maelezo ya jalada alikuwa Tracey.

Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, mpangaji mkuu alikuwa redio. Kituo cha Lusaka kilianza mwaka 1941, na mwaka 1949 ikaja redio ya betri iliyopewa jina la sufuria kwa umbo lake, kwa bei ya pauni 5. Kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini, mbali na umeme, aliweza kununua chombo hicho, ingawa kwa mfanyakazi wa kawaida pauni 5 hazikuwa fedha kidogo. Barua za wasikilizaji wakiomba nyimbo zilimiminika, na vipindi vya maombi vikawa orodha zilizotungwa na watu wengi wasiofahamiana.

Hapa Alick Nkhata anastahili kutazamwa kwa makini. Alikuwa mwimbaji, aliwahi kufanya kazi na Tracey, kisha akawa mtangazaji Lusaka. Yaani mwimbaji aliyekuwa pia mpangaji alikuwapo miaka sabini iliyopita. Tofauti yake na kijana wa leo ni kwamba Nkhata ilimlazimu kwanza awe ndani ya kituo. Mlango ulikuwa mmoja na ufunguo ulishikwa na serikali. Hata agizo la Rais Kaunda la miaka ya 1970, kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, halikuuondoa mlango huo, bali liliwapanga upya waliosimama mbele yake. Bendi za kalindula zilinufaika, ila bado kuna mtu aliyeamua ni zipi.

Orodha ya kujitungia imelegeza mlango. Spotify, kwa mfano, ilifunguliwa nchini Zambia mwaka 2021, na mtumiaji yeyote anaweza kutunga orodha ya wazi. Hata hivyo mbinu hii ina sharti lake ambalo wasanii wengi hawalipendi: orodha ya nyimbo zako peke yako haitafutwi na mtu asiyekujua. Anayetafuta P.K. Chishala au Junior Mulemena Boys ndiye anayeweza kukukuta, na atakaa iwapo jirani za wimbo wako wamechaguliwa kwa sikio la kweli. Hivyo msanii analazimika kuwatangaza wengine ili atangazwe. Naona hilo kuwa faida kwa historia ya muziki wenyewe, kwa kuwa orodha za namna hii huzirudisha masikioni nyimbo ambazo redio imezisahau.

Malipo ni jambo jingine. Tangu mwaka 2024, katika jukwaa hilohilo, wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii katika mgao wa fedha za rekodi. Orodha nzuri yenye wafuasi mia moja wa Nchelenge, Mansa na Pweto inaweza kumpa msanii jina, mwaliko wa harusi, hata nafasi ya kutumbuiza wakati wa Mutomboko kule Mwansabombwe, na bado isimpe ngwee moja kutoka kwa jukwaa lenyewe. Wimbo wa magwiji alioupanga juu ya wake, uliokwisha kuvuka kiwango hicho, ndio unaolipwa kwa kila msikilizaji anayemleta.