Wahunzi Wasio na Farasi: Chuma, Kwato na Mbung'o katika Mpaka wa Busia na Tororo

Historia ya kazi ya kuvisha farasi viatu vya chuma imeandikwa katika nchi ambazo farasi anaweza kuishi, na kwa sababu hiyo Nabuyoga, katika nchi ya Jopadhola wilayani Tororo, haitajwi humo, ingawa karibu kila kitu kingine ambacho kazi hiyo huhitaji kilipatikana jirani. Chuma kilikuwapo. Milima ya Samia, ambayo leo imegawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya, ilikuwa na mawe yenye madini ya chuma, na wahunzi wake waliyayeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha wakafua majembe yaliyouzwa kwa Waluo na majirani wengine, yakatumika kulima mashamba na kulipia mahari. Mhunzi aliyeweza kufua jembe la namna hiyo asingeshindwa kukunja kiatu cha farasi. Alichokosa ni mnyama wa kumvisha.

Aliyemzuia mnyama huyo ni mbung'o, nzi mnyonya damu anayeishi kwenye vichaka na kando ya mito, naye hueneza nagana, yaani ugonjwa wa mifugo unaoletwa na vijidudu vya damu ambavyo David Bruce alivitambua huko Zululand katikati ya miaka ya 1890. Ng'ombe wadogo wa kienyeji wenye nundu huuvumilia kwa kiasi fulani, lakini farasi akishaambukizwa hukonda, huvimba miguu na sehemu ya chini ya tumbo, na asipotibiwa hufa baada ya wiki au miezi michache. Vijidudu vya jamii hiyohiyo huwaletea binadamu malale, ugonjwa ambao mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na maeneo mengine ya kaskazini mwa Ziwa Viktoria.

Pasipo farasi wengi, ufundi wa kwato hauwezi kukua. Ukwato wa farasi hukua kati ya milimita 6 na 10 kwa mwezi, kwa hiyo kila baada ya wiki 6 hadi 8 kiatu hung'olewa, ukwato hupunguzwa na kusawazishwa, na kiatu hupigiliwa upya. Msumari hupita kwenye ukuta wa nje tu, ulio mgumu na usio na hisia kama ukucha wa mtu. Ukiingia ndani kidogo kupita mstari mweupe ulio kati ya ukuta huo na wayo, ukagusa nyama, farasi huanza kuchechemea, na usipotolewa mapema usaha hujikusanya; na fundi akiacha ncha ya mbele irefuke mno, uzito huelemea zaidi kano za nyuma ya mguu. Kuepuka makosa hayo hakufundishwi kwa maneno pekee. Fundi huyaepuka kwa sababu ameshika maelfu ya kwato, na ameziona zilizoharibiwa na wengine.

Serikali ya Uingereza ilipotaka njia ya kufika Uganda, ilijenga katika miaka ya 1890 barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe, maarufu kama barabara ya Sclater, iliyofika hadi upande wa Busia. Hata huko wanyama wa kazi walikufa kwa wingi, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi hadi reli ilipofika Kisumu mwaka 1901. Kosa la kutegemea wanyama hao lilirudiwa kwa ukubwa wa kutisha katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi ya Uingereza yalipowapeleka farasi katika nchi ya mbung'o ya Tanganyika: kati ya Septemba na Novemba 1916 peke yake walikufa farasi wapatao 10,000 na nyumbu wa kazi, wale wazaliwao na punda dume na farasi jike, idadi karibu sawa. Hakuna fundi wa kwato, awe hodari kiasi gani, ambaye angewaokoa, na gharama ya kosa hilo ililipwa na mamia ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, wengi wao wakitembea miguu mitupu. Historia ya kijeshi imewahesabu farasi hao kwa makini kuliko ilivyowahesabu watu hao, na dosari hiyo haifai kusamehewa.

Katika mashamba ya Tororo na Busia, mnyama aliyefaulu ni maksai, ng'ombe dume aliyehasiwa, baada ya plau kuingia Teso karibu na mwaka 1910 pamoja na kilimo cha pamba na kuenea katika wilaya jirani. Maksai alimaye udongo laini hahitaji chuma miguuni, ila kwato zake mbili kwa kila mguu huweza kurefuka na kupindana akifungwa zizini muda mrefu, na hapo kisu na tupa ndivyo dawa yake. Tororo yenyewe ikawa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa nagana na malale, na mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ikatundikwa vichakani kumnasa mbung'o. Mzigo wa mpakani, hata hivyo, haukumngoja farasi: kuanzia miaka ya 1960 vijana wa Busia waliubeba kwa baiskeli, wakiwavusha abiria na magunia kati ya vituo viwili vya forodha, na fundi wa kuchomelea vyuma akapata kazi ya kuimarisha kiti cha nyuma na kunyoosha rimu iliyopinda.