Kuambata si Kufyonza

Kuiita adsopsheni, yaani hali ya molekuli za gesi au kimiminika kushikwa na uso wa kitu kigumu bila kuzama mwilini mwake, "ufyonzaji wa juujuu" ni kukosea mara mbili, kwa kuwa kinachofyonzwa huzama kama maji katika sifongo, na kinachofanywa juujuu, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kazi ya mvivu. Kosa hilo lina ukoo: Heinrich Kayser alipolitumia neno lenyewe kwa Kijerumani mwaka 1881, kilichobadilika ni kiambishi tu, mzizi wa Kilatini wenye maana ya kufyonza ukaachwa palepale, na kamati zinazotafsiri vipande vya maneno zimeurithi pamoja na kasoro yake.

Neno lifaalo ni uambataji. Kiishio -ata, ambacho ni cha kale katika lugha za Kibantu, hubeba dhana ya vitu kugusana na kushikana, kama katika kamata, pakata na fumbata. Na kama fumbata inavyokabiliwa na fumbua, ndivyo ambata inavyokabiliwa na ambua, yaani kubandua, hata tendo la molekuli kuuachia uso likajipatia jina lake, uambuaji, bila kikao wala posho. Wanaoshabikia "unataji" wangejiuliza kwanza ni lini ulimbo ulimwachia ndege kwa hiari.

Hudaiwa kwamba uambataji hushindwa penye zeolaiti, madini yenye vitundu vya kadiri ya molekuli, kwa sababu humo molekuli huingia ndani. Lakini popo aning'iniaye pangoni hajafyonzwa na mwamba. Kwa mfano, zailini tatu, zote zenye kaboni 8 na hidrojeni 10, hutofautiana kwa nafasi za vikundi vya methili kwenye pete ya benzini tu, na kwa kuwa zailini ya para huchemka kwenye nyuzi 138 za Selsiasi na ya meta kwenye 139, kuzitenganisha kwa kuzikeneka ni kujichosha, ilhali zeolaiti ya aina ya X au Y iliyotiwa bariamu au potasiamu huiambata para kwa nguvu kuliko wenzake, kisha kimiminika kingine huiambua. Uteuzi huo hufanyika kutani mwa vitundu, nayo sifongo haijawahi kuchagua.

Katika matumizi, kitu kigumu kiitwe kiambatishi, na kinachoshikwa kiambatwa.