Kondoo Hatii Soko, Husibu

Kamati moja, ambayo staha inanizuia kuitaja, imependekeza tuseme "utiifu wa soko". Wanakusudia kipimo ambacho mfugaji wa kondoo wa Australia hukisubiri kwa hamu kila apelekapo kundi machinjioni: ni wangapi waliolingana na matakwa ya mnunuzi kwa uzito na kwa mafuta. Utiifu! Aliyetii ni nani hapo? Mwanakondoo ameshachinjwa, kachunwa, katundikwa, amri itamfikiaje? Bingwa mwingine akaja na "uzingativu", kana kwamba mnyama alipelekewa waraka zizini.

Neno ni usibu. Kitenzi chake tunacho, kusibu, kutoka aswaba ya Kiarabu, kupata shabaha: mshale umetupwa, umefika ulikolengwa. Mzizi huohuo ndio uliotupa msiba, na hapo wapinzani wangu hucheka: "Usibu au msiba?" Wacheke. Msiba ni lile pigo lililompata mtu, na huko kupata ndiko ninakokudai mimi. Isitoshe, Kiswahili hakikuutupa upande wa heri: mtu akiagua jambo likawa vilevile, amesibu. Kamati ingeyaona haya kwenye kamusi, lau kamusi ingefunguliwa kabla ya chai kuletwa.

Na tazama kinachopimwa chenyewe. Kwenye ubavu wa 12, milimita 110 kutoka katikati ya mgongo, husomwa unene wa nyama na mafuta yaliyolala juu ya mfupa. Milimita 11 hadi 15 ni daraja la 3. 16 hadi 20, la 4. Milimita moja yatosha kumhamisha mnyama daraja, na ikiwa mnunuzi hakulitaka daraja hilo, bei ya kila kilo hukatwa. Kama hiyo si shabaha, sijui shabaha ni ipi. Meno nayo yamo: tangu Julai 2019, tafsiri rasmi ya kule humwacha mnyama aitwe mwanakondoo hata jino la kudumu la mbele likishachomoza, mradi halijakua kiasi cha kutumika. Mfugaji akizubaa, jino likakomaa, bei ya mwanakondoo imempita.

Matumizi ni mepesi. Wakipelekwa 200, na 170 wakaingia ndani ya uzito na daraja vilivyoagizwa, usibu wa kundi ni asilimia 85. Ukuaji, yaani gramu kwa siku, ni hesabu nyingine. Aliyenenepa upesi akapitiliza mafuta amekua vizuri, ila hakusibu.

Pendekezo hili niliiandikia kamati, kwa adabu zote. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: neno "halijazoeleka". Nami nauliza, "utiifu wa soko" lilizoeleka lini, na kwa nani, nje ya chumba kile cha mikutano?