Rivers na Maafisa wa Craiglockhart

Jina "mshtuko wa makombora" lilienea miongoni mwa matabibu kuanzia Februari 1915, pale Charles Myers, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alipoeleza katika jarida la Lancet habari za askari watatu ambao, baada ya makombora kuwalipukia karibu, walipungukiwa na uwezo wa kuona, kunusa na kuonja, na kumbukumbu zao zikaingia mapengo. Jina hilo lilibeba dhana kwamba ubongo ulitikiswa na mlipuko, lakini dhana haikudumu, kwani walizidi kuonekana watu waliotetemeka, waliopooza au waliopotewa na sauti ilhali hapakuwa na kombora lililowalipukia. Kilichowaangusha ni kiwewe, yaani jeraha la nafsi.

Tiba mara nyingi ilifuata cheo. Katika hospitali ya Queen Square, London, daktari Lewis Yealland alimfungia askari wa kawaida aliyekuwa bubu chumbani akampitishia umeme kooni kwa saa kadhaa hadi akasema, na hiyo ni tiba ambayo ni vigumu kuitofautisha na mateso. Maafisa walikuwa na Craiglockhart, karibu na Edinburgh, jengo la tiba ya maji lililogeuzwa hospitali mwaka 1916, ambako wagonjwa walichapisha hata jarida lao wenyewe, The Hydra. Pamoja na upole huo wote, jeshi lilitaka jambo moja tu: afisa apone arudi mstari wa mbele.

Hapo ndipo alipofanya kazi W. H. R. Rivers, tabibu aliyekuwa pia mwanaanthropolojia. Wakati huo wagonjwa wa aina hii walishauriwa na jamaa na madaktari wasiiwaze vita kabisa. Rivers alishikilia kwamba juhudi hiyo ya kuzika kumbukumbu mchana ndiyo iliyoifufua usiku katika jinamizi, na kwamba mgonjwa asaidiwe kuitazama, huku akitafutiwa ndani yake upande unaovumilika. Afisa mmoja aliyeandamwa na picha ya rafiki yake aliyeraruliwa na kombora alionyeshwa kwamba hali ile ya mwili ilikuwa ushahidi kuwa mwenzake alikufa papo hapo bila kuteseka, na baadaye akaota akizungumza naye kwa huzuni isiyo na kitisho.

Njia hiyo ilikuwa na ukomo, na Rivers, kwa sifa yake, hakuuficha. Afisa mwingine alirushwa na mlipuko, uso wake ukaangukia tumbo la Mjerumani aliyekufa siku kadhaa nyuma, tumbo likapasuka, naye kabla ya kuzimia akatambua ni nini kilichokuwa kimemjaa kinywani. Tangu hapo harufu na ladha ile havikumwacha, akawa anatapika mara kwa mara. Katika kumbukumbu hiyo hapakuwa na upande wowote wa kushika, na Rivers akaona afadhali mgonjwa aache jeshi, akaishi shambani, mahali pekee palipokuwa pamempa nafuu.