Kambi za Michezo za Watoto: Zilitoka Wapi?

Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, makanisa mengi huku kwetu pwani huwakusanya watoto kwa siku chache za mpira, nyimbo na mafundisho ya Biblia. Jambo hilo twaliita kambi, nasi twalitangaza kanisani kana kwamba kila mtu ameijua maana yake tangu zamani. Leo twataka kueleza kambi hizi zilitoka wapi, na kwa nini mzazi wa Mackinnon Road anayesitasita kumruhusu mtoto wake asihesabiwe kuwa mtu wa imani haba.

Neno lenyewe, kambi, lina habari zake katika mji ule mdogo. Jina la mji latokana na Sir William Mackinnon, Mskoti mwenye meli, mkuu wa kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Barabara yake ilikatwa kutoka pwani kuelekea Kibwezi. Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na wajenzi wakapiga mahema katika nyika ya Taru ambako maji yalikuwa taabu kuliko jua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1947, Waingereza walianza kujenga hapo ghala kubwa mno la jeshi, wakaiacha kazi kabla haijatimia. Na mwaka 1954, baada ya ule msako mkubwa wa Nairobi wa mwezi wa Aprili, mahali hapo pakajazwa maelfu ya watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau. Vibarua, askari, mahabusu: hao ndio waliokaa kambini. Mzee wa Kiduruma akilisikia neno hilo, haoni watoto wanaoruka kamba.

Kambi za watoto zina mwanzo mwingine kabisa, nao ulikuwa mchangani. Mwaka 1868, katika mji wa Llandudno huko Wales, Josiah Spiers alikuwa pwani miongoni mwa jamaa zilizokwenda kupumzika. Aliandika mchangani kwa herufi kubwa maneno ya kuwaambia watoto kwamba Mungu ni upendo, akawaalika wazipambe herufi hizo. Walipomaliza akawasimulia hadithi. Hapo hapakuwa na mimbari, wala kengele, wala mtu wa kuwaambia nyamazeni. Yapasa tukumbuke kwamba siku zile ibada ilikuwa ya watu wazima, na mtoto alitakiwa kukaa kimya saa nzima asikie asiyoyafahamu. (Wako wanaosema kwamba hata sasa si tofauti sana, nasi hatutabishana nao.) Kazi ile, iliyokuwa imeanza London mwaka 1867, ndiyo iliyozaa chama cha Scripture Union, ambacho wengi wetu tulikijua shuleni.

Michezo nayo ilikuja kwa njia yake. Wakristo wengi wa zamani waliuona mchezo kuwa upotevu wa wakati. Lakini katika karne ya 19 wengine walianza kufundisha kwamba mwili pia ni kazi ya Mungu, na kwamba kijana anayejifunza kushindwa bila hasira amejifunza jambo kubwa. Mwaka 1891 James Naismith, mwalimu katika chuo cha YMCA huko Springfield, Marekani, alitundika vikapu viwili vya matunda ukutani, na huo ukawa mwanzo wa mpira wa kikapu. Miaka minne baadaye William Morgan, naye wa YMCA, akabuni mchezo uliokuja kuwa mpira wa wavu. Basi msichana wa Diani anayerusha mpira juu ya wavu anacheza mchezo uliotoka katika nyumba ya Wakristo, ingawa hakuna aliyemwambia. Hapa Kenya, Carey Francis, aliyeongoza shule ya Maseno tangu 1928 na Alliance tangu 1940 hadi 1962, alikuwa mtu wa hesabu, mtu wa sala na mtu wa mpira, wala hakuona kwamba mambo hayo matatu yanagombana.

Tena yuko Eric Liddell. Wengi hujua kwamba mwaka 1924, katika Olimpiki ya Paris, alikataa kukimbia mita 100 kwa kuwa mchujo ulikuwa Jumapili, kisha akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Habari zilizofuata husimuliwa mara chache. Alikwenda China kuwa mmisionari, na mwaka 1943 Wajapani wakamfunga katika kambi ya Weihsien pamoja na watoto wengi, baadhi yao wakiwa mbali na wazazi wao. Watoto wakamwita Mjomba Eric. Aliwafundisha masomo, akatengeneza vifaa vya michezo vilivyovunjika, akawachezesha. Waliokaa naye wamesimulia kwamba mwanzoni hakukubali michezo ya Jumapili. Watoto wakacheza wenyewe bila refa, wakapigana. Jumapili iliyofuata alisimama uwanjani na firimbi. Mtu aliyeiacha medali kwa ajili ya siku hiyo hakuwaacha watoto waumizane kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Alifariki humo kambini tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43.

Sasa, wapenzi, twafika mahali pagumu, na tungependa wazazi walio karibu na redio wasikilize kwa makini. Mwaka 1932 kasisi mmoja wa Kiingereza, Eric Nash, alianzisha kambi za likizo kwa wavulana wa shule kubwa za Uingereza. Ziliitwa kambi za Iwerne. Kusudi lake lilikuwa kuwapata watoto wa wakubwa ili baadaye waongoze kanisa na nchi. Kwetu sisi uchaguzi huo hauna harufu nzuri ya Injili, lakini matunda yalionekana: John Stott, ambaye vitabu vyake vimesomwa katika vyuo vingi vya theolojia vya Afrika Mashariki, aliongoka mwaka 1938 kwa mahubiri ya Nash.

Katika kambi hizo hizo alikuwamo John Smyth, wakili mashuhuri na msomaji wa kanisa. Katika miaka ya 1970 hadi mwanzo wa 1980 aliwachukua vijana aliowapata humo, akawapiga kwa fimbo kikatili katika kibanda nyumbani kwake, akisema anawatakasa dhambi. Mwaka 1982 taarifa ya siri iliandikwa. Wakubwa waliisoma wakanyamaza. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na huko nako akapiga watoto. Desemba 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la kambi. Kesi iliyofunguliwa haikufika mwisho. Smyth alifia Cape Town mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Novemba 2024, ikaonyesha kwamba walioumizwa wapita 100, na wengi wao walikuwa watoto wa Afrika. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kwamba anajiuzulu.

Wako watakaouliza kwa nini twayasema haya hewani na kuliaibisha kanisa. Twajibu kwamba Bwana, katika Mathayo sura ya 18, alipowataja wanaowakosesha wadogo, alitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Hakutaja sifa njema ya ushirika. Na kilichomwezesha Smyth kufanya aliyoyafanya Afrika ni kule kunyamaza kwa wenye kuogopa aibu.

Basi turudi Mackinnon Road. Mji ule una msikiti unaojulikana barabara nzima ya Mombasa, wenye kaburi la Sayyid Baghali, ambapo madereva husimama kuomba kabla ya kuendelea na safari. Watoto watakaokuja uwanjani ni majirani: Waduruma, Wakamba, Wataita, Wakristo na Waislamu. Kwa hiyo mwenye kuandaa kambi na awaambie wazazi waziwazi kwamba asubuhi kutakuwa na somo la Biblia, na kwamba mtoto wa Kiislamu aweza kuja wakati wa mpira tu, wala hatapungukiwa na uji. Kumvuta mtoto kwa mpira ili asikie mafundisho ambayo baba yake hajaambiwa ni wizi, hata ukifanywa kwa maombi. Tena likizo si mapumziko kwa kila mtoto. Wengi huchunga mbuzi na kuteka maji, kwa hiyo michezo ifuate saa zao. Maji yapatikane kabla ya mipira.

Nawe mzazi, uliza. Uliza majina ya viongozi na ni nani anayewafahamu. Uliza kama mtu mzima mmoja huachwa peke yake na mtoto; jibu liwe hapana. Uliza watoto watalala wapi. Sisi twapendelea warudi nyumbani kila jioni, kwa kuwa mpira hauhitaji usiku. Uliza kama kuna fimbo. Uliza mtoto akiumizwa atamwambia nani, na huyo mtu asiwe kasisi peke yake. Awepo pia mama mmoja wa mtaa asiye na cheo kanisani, na chifu ajue. Nenda uwanjani siku yoyote, bila kutoa taarifa, ukasimame chini ya mti utazame. Kiongozi mwema atakuletea kiti.