Cheni ya Pikipiki Diepsloot
Cheni ya roli inayozungusha gurudumu la nyuma la pikipiki ilibuniwa na Hans Renold jijini Manchester mwaka 1880. Nchini Kenya ilienea na bodaboda, hasa serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Lakini Diepsloot, mtaa ulioanza mwaka 1995 kaskazini mwa Johannesburg, ulitegemea zaidi mabasi madogo yanayoitwa teksi. Pikipiki zilikuja kushamiri huko na biashara ya kupeleka bidhaa majumbani. Ubadilishaji wa cheni wenyewe haujageuka sana. Cheni hung'olewa pamoja na sproketi zote mbili, yaani magurudumu yenye meno yanayoshika cheni (kubakiza ya zamani ni ubahili wa hasara), maana meno yaliyochongoka hula cheni mpya upesi. Klipu ya kiungo kinachounganisha cheni hufungwa mdomo ukielekea kinyume cha mwendo wa cheni.